UBAO WA VITA WA VIPANDE VIPANDE

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, na ninyi vijana mnaokalia madawati yetu hivi sasa: Mhariri ameniomba niandike habari za historia kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu. Nimechagua jambo dogo, nalo ni ubao wa mezani wa kuchezea vita kwa sanamu ndogo za askari. Wako watakaosema kwamba mtumishi wa serikali wa umri wangu hana haja na michezo ya watoto. Nawaomba wanivumilie.

Wenzangu wa darasa hawajausahau ubao wetu wa Kidato cha Tatu. Mwalimu wa historia alitutaka tutengeneze mfano wa mapigano ya Tanga ya 1914. Tukatwaa ubao mmoja wa futi 6 kwa 4, tukaujaza udongo wa mfinyanzi, tukafanya kazi kila jioni kwa muda wa wiki 3. Siku ya wazazi ilipofika tukaubeba kwenda ukumbini, nao haukupita mlangoni. Tukauinua ubavu. Udongo ulikuwa umekwisha kukauka. Ukabomoka, na mji mzima wa Tanga ukamwagika ngazini. Mwalimu hakukasirika. Aliuliza tu ni nani aliyepima mlango.

Nilipofika Chuo Kikuu ndipo niliposoma kwamba dawa ya tatizo letu ilikwisha patikana tangu 1812, tena aliyeipata alikuwa mtumishi wa serikali kama nilivyo mimi leo.

Kabla yake alikuwako mwalimu mmoja wa hisabati huko Braunschweig, Ujerumani, jina lake Johann Hellwig. Mwaka 1780 alitoa mchezo wa vita uliotokana na sataranji. Ubao wake ulikuwa na miraba zaidi ya 1,600, na rangi za miraba zilionyesha mahali penye milima, maji, kinamasi au tambarare. Mchezo huo ulikuwa na kasoro moja kubwa: mlima ulianza na kwisha penye mstari wa mraba, na jeshi lilisimama ndani ya mraba kama sanduku. Ardhi ya kweli haiko hivyo.

Mwaka 1806 jeshi la Prusia lilishindwa vibaya na Wafaransa wa Napoleon huko Jena na Auerstedt. Baada ya aibu hiyo watu wengi nchini humo walijiuliza maofisa wao wafundishweje. Mmoja wao alikuwa Baron Georg Leopold von Reisswitz, afisa wa utawala mjini Breslau, ambao leo ni Wrocław katika nchi ya Poland. Yeye alianza kwa kufinyanga vilima na mabonde katika mchanga mezani. Wana wa mfalme walipouona mchezo wake wakampasha habari baba yao, Mfalme Friedrich Wilhelm III, naye akataka kuuona. Reisswitz aliona haifai kumpelekea mfalme sanduku la mchanga. Akaenda zake kutengeneza kitu cha heshima zaidi.

Alichokileta mwaka 1812 kilikuwa meza ya mbao yenye saraka, na juu yake vipande vya mraba vya plasta vilivyofinyangwa na kupakwa rangi: barabara, vijiji, mito, misitu na vinamasi. Vipande hivyo viliweza kuondolewa na kupangwa upya, hata ikapatikana nchi nyingine kabisa. Miraba hiyo haikuwa ya kuhesabia hatua kama ya Hellwig; ilikuwa ya kujengea ardhi tu, na majeshi yalitembea juu yake kwa kupimwa umbali. Meza hiyo imehifadhiwa hadi leo mjini Berlin, katika kasri la Charlottenburg.

Lakini meza ya namna ile ilikuwa ya gharama, na si kila kikosi kingeweza kuwa nayo. Mwanawe, aliyekuwa ofisa wa mizinga, akaubadilisha mchezo uchezwe juu ya ramani za kipimo cha 1:8000, kwa dadu na mwamuzi, akachapisha kanuni zake mwaka 1824. Jenerali von Müffling, mkuu wa makao makuu ya jeshi, aliupenda mno akaagiza utumike jeshini. Kijana huyo hakufaidi matunda ya kazi yake: alijiua mwaka 1827. Baada ya Wajerumani kuwashinda Wafaransa mwaka 1871, majeshi ya nchi nyingine nayo yakaiga mchezo huo. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells akaupeleka majumbani kwa kitabu chake *Little Wars*, akitumia sanamu za askari na vizinga vya kuchezea. Hata hivyo alikiri humo kwamba mwenye kuucheza mara chache tu hutambua jinsi vita vikubwa vilivyo upuuzi. Mwaka uliofuata vita vikubwa vikaanza, vikafika kwetu Tanga.

Mwezi Novemba 1914 Waingereza waliteremsha pale askari kama 8,000 kutoka Uhindi. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000. Kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, aliupitia mji usiku kwa baiskeli ili aijue ardhi kabla ya kupigana. Jemadari wa Waingereza hakuichunguza ipasavyo. Askari wake wakapotea mashambani, wakashambuliwa na nyuki, na tarehe 5 wakarudi melini wakiacha bunduki na risasi nyingi.

Mwaka jana nilipokuwa likizo niliwaletea vijana wa Chama cha Historia plaiwudi, tukajenga Tanga upya kwa vipande 6, kila kimoja futi 2 kwa 2. Siri ya ubao wa namna hii iko kwenye kingo. Kingo zote ziwe na kimo kimoja, na kila barabara itoke katikati kabisa ya ukingo; hapo kipande chochote kitaungana na chochote. Vilima tulivijenga kwa maboksi yaliyokatwa kwa kufuata kontua na kubandikwa tabaka juu ya tabaka, kisha tukavifunika kwa magazeti yaliyolowekwa katika gundi. Reli tuliitengeneza kwa njiti za kiberiti, mikoko kwa vijiti vikavu. Safari hii mlango tuliupima.

Tulipokwisha kupanga askari, kijana mmoja wa Kidato cha Pili akaniuliza, “Mzee, na wapagazi wanakaa wapi?” Nikamjibu kwamba mchezo huu ni wa wapiganaji. Akanyamaza kwa adabu.

Usiku ule sikupata usingizi. Baba wa babu yangu alichukuliwa mwaka 1917 kubeba mizigo ya jeshi, hakurudi, wala hatulijui kaburi lake. Katika vita vile, vilivyokwisha huku kwetu Novemba 1918, wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi walikuwa makumi ya maelfu, wengi kuliko askari waliouawa kwa risasi. Mimi nimeujenga ubao wa vita hivyo mara mbili maishani mwangu, na mara zote mbili nilimwacha nje mtu wa ukoo wangu mwenyewe, mpaka nikaulizwa na mtoto.

Asubuhi tulikata kipande cha 7. Hakina askari hata mmoja. Kina njia ya vumbi inayotoka katikati ya ukingo wa upande wa bara, na juu yake msafara wa watu wenye mizigo kichwani. Kwa ule ubao wetu wa zamani jambo hilo lisingewezekana. Huu wa vipande ulikuwa na ukingo wa kuungia.

Vijana sasa wanataka kuifuata njia hiyo hadi Mahiwa, walikopigana Oktoba 1917. Wanahitaji plaiwudi, gundi na rangi. Ndugu mtakaokuja mkutanoni, yeyote mwenye uwezo asije mikono mitupu. Na kama katika ukoo wenu liko jina la mpagazi, liandikeni mumpe katibu wa Chama cha Historia, naye ataliandika nyuma ya kipande cha 7. Ubao uko kabatini maktaba. Hadi sasa una majina 4.