Nywila, Tiketi na Tokeni: Historia ya Kubisha Hodi kwenye Ghala la Data

Nywila ya kompyuta ilianza kutumika katika chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwenye mfumo ulioitwa CTSS. Mfumo huo ulibuniwa na Fernando Corbató na wenzake, ukaonyeshwa kwa mara ya kwanza Novemba 1961. Uliwawezesha watu wengi kuitumia mashine moja kwa kupokezana vipande vidogo vya muda. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mafaili yake na mgao wake wa saa, ilibidi mashine imjue aliyeketi mbele ya taipureta iliyounganishwa nayo. Neno moja linalojulikana na mwenyewe tu lilionekana kutosha.

Halikutosha kwa muda mrefu. Mwaka 1962 Allan Scherr, mwanafunzi wa uzamivu aliyepewa saa nne kwa wiki ilhali utafiti wake ulidai zaidi, aliomba kwa kadi ya matundu faili la nywila lichapishwe, nalo likachapishwa. Mwaka 1966 wasimamizi wawili walikuwa wakihariri kwa wakati mmoja, huyu tangazo la siku, yule faili la nywila. Programu ya kuhariri iliiweka kazi ya wote wawili kwenye faili la muda lenye jina lile lile. Mafaili yakabadilishana nafasi, na kila aliyeingia akakaribishwa na orodha ya nywila za watu wote. Hakukuwa na mdukuzi hapo. Tatizo lilikuwa kwamba mashine ilizitunza siri zenyewe, tena kwa maandishi wazi.

Dawa ilipatikana Cambridge, Uingereza, ambako Roger Needham alipendekeza mashine isiitunze nywila bali matokeo ya hesabu iliyofanyiwa nywila hiyo, hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma. Mfumo wa Unix uliichukua mbinu hiyo, na mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wakaeleza jinsi walivyoiimarisha kwa kuongeza tarakimu za nasibu, ziitwazo chumvi, ili watu wawili wenye nywila moja wasionekane sawa ndani ya faili. Waliofaa kulaumiwa zaidi, hata hivyo, walikuwa watumiaji. Katika nywila 3,289 walizozikusanya, asilimia 86 zilikuwa fupi mno au zilipatikana kwenye kamusi na orodha za majina.

Yote hayo yalihusu mashine moja. Data ilipohamia kwenye mashine nyingine, mwisho wa waya, nywila ililazimika kusafiri, na kinachosafiri hunaswa njiani. Needham na Michael Schroeder walilishughulikia jambo hilo kwenye makala ya mwaka 1978, na wazo lao ndilo mzizi wa karibu kila kilichofuata: pande mbili zisizojuana zimtegemee msuluhishi anayezijua zote. Msuluhishi hutoa ufunguo wa mazungumzo hayo tu, akiufunga kwa siri anayoshiriki na kila upande. Mwaka 1981 Dorothy Denning na Giovanni Sacco walionyesha kasoro yake. Ujumbe wa msuluhishi haukuwa na tarehe, kwa hiyo aliyepata ufunguo wa zamani aliweza kurudia ujumbe wa jana na akaaminiwa leo. Walipendekeza kila ujumbe ubebe alama ya wakati.

Mradi wa Athena, ulioanzishwa MIT mwaka 1983 kwa msaada wa kampuni za Digital na IBM, uliyaunganisha mambo hayo katika mfumo wa Kerberos. Mtumiaji huithibitisha nywila yake bila kuirusha kwenye mtandao, hupewa tiketi ya saa kadhaa, na kwa tiketi hiyo huomba nyingine za kila huduma anayoihitaji. Gharama yake ni kwamba saa za mashine zote lazima zikaribiane; kwa kawaida tofauti isizidi dakika 5. Hadi leo, msimamizi anayekataliwa na seva ilhali nywila yake ni sahihi hushauriwa aitazame saa kwanza.

Kerberos ilifaa ndani ya taasisi moja yenye msuluhishi mmoja. Wavuti haikuwa na msuluhishi. Ilianza na njia iliyo rahisi kupita kiasi: jina na nywila huunganishwa kwa nuktambili, huandikwa upya kwa mtindo wa Base64, kisha hupachikwa kwenye kila ombi. Base64 haifichi chochote. Mtu yeyote anaweza kuisoma. Usalama wote uliachiwa njia yenyewe, ambayo Netscape ilianza kuisimba kwa SSL mwaka 1995, na ambayo tangu 1999 hulindwa na TLS.

Huduma ya kuhifadhi data ya Amazon, S3, ilipofunguliwa Machi 2006, ilichagua njia nyingine. Kila mteja alipewa vitu viwili: kitambulisho cha wazi na ufunguo wa siri. Ufunguo haukutumwa kamwe. Programu iliutumia kutengeneza sahihi ya kila ombi kwa njia ya HMAC, iliyosanifishwa mwaka 1997, ikijumuisha tendo linaloombwa, tarehe na mahali data ilipo. Seva ilirudia hesabu hiyo upande wake na kulinganisha. Ombi lililopishana na saa ya seva kwa zaidi ya dakika 15 lilikataliwa. Mafundisho ya mwaka 1981 yalikuwa yamefika kwenye wingu. Udhaifu ulikuwa kwenye ufunguo wenyewe. Ulidumu hadi mwenyewe aufute, na mwanzoni ulifungua kila kitu katika akaunti. Mgawanyo wa watumiaji na ruhusa zao ulikuja miaka mitano baadaye.

Wakati huohuo tabia mbaya zaidi ilikuwa imeenea: tovuti moja kumwomba mtu nywila ya tovuti nyingine ili imchukulie anwani za marafiki, sawa na kumkabidhi dobi funguo za nyumba ili afuate nguo chafu. Mwishoni mwa 2006 Blaine Cook wa Twitter na wenzake walianza kutafuta kiwango cha pamoja, na Desemba 2007 OAuth 1.0 ikatangazwa. Mwenye data huthibitishwa na huduma yake mwenyewe, kisha huduma hiyo humpa mgeni tokeni yenye mipaka. Toleo hilo lilitumia sahihi kama S3, na watengenezaji wengi walishindwa kuzitengeneza kwa usahihi. Toleo la pili, lililotoka Oktoba 2012, liliziondoa na kuitegemea TLS. Aliyeishika tokeni ndiye anayeaminiwa. Miezi michache kabla, mhariri wake mkuu, Eran Hammer, alijiuzulu na kuliondoa jina lake, akiona usalama wa toleo hilo hautoshi. Hofu yake ilikuwa na msingi, lakini sahihi sahihi isiyotumiwa na mtu haimlindi mtu. Kilichosawazisha mambo ni muda: tokeni iliyoibwa ina thamani kwa dakika chache tu ikiwa imepewa maisha mafupi.

Mchanganyiko wa enzi hizo unaonekana wazi Nairobi. Safaricom ilipofungua jukwaa la Daraja mwaka 2017 ili programu za nje ziunganishwe na M-Pesa, programu ilitakiwa itume ufunguo na siri yake kwa ile njia kongwe ya Base64, chini ya ulinzi wa TLS, ipokee tokeni ya takriban saa moja, kisha iitumie katika maombi yanayofuata. Ombi la kumtaka mteja alipe kwenye simu yake lina nywila ya ziada, inayoundwa kwa namba ya biashara, ufunguo maalumu na alama ya wakati.

Funguo zisizokufa ziliendelea kuleta hasara. Mwaka 2016 wadukuzi waliukuta ufunguo wa hifadhi ya Amazon ndani ya msimbo wa Uber uliowekwa GitHub, hifadhi ya misimbo mtandaoni, wakachota taarifa za watu milioni 57. Hata hati za muda hazikuwa kinga kamili: mwaka 2019 seva ya benki ya Capital One ilihadaiwa ikaiomba huduma ya ndani ya wingu hati zake na kuzikabidhi nje, na taarifa za watu wapatao milioni 106 wa Marekani na Kanada zikachukuliwa. Novemba mwaka huo Amazon ilileta toleo la huduma hiyo linalodai tokeni ya kikao kabla ya kujibu.

Tangu 2021 hivi, watoa huduma wakubwa wamekuwa wakihimiza ufunguo wa kudumu usiwepo kabisa. Programu inayoendeshwa GitHub, kwa mfano, hupewa na GitHub cheti kilichotiwa sahihi, kinachotaja jina la mradi na tawi la msimbo. Wingu hukihakiki kwa ufunguo wa wazi wa GitHub, kisha hutoa hati ya muda mfupi. Msuluhishi wa mwaka 1978 amerudi, safari hii kati ya kampuni mbili zisizo na siri ya pamoja. Funguo za mtindo wa 2006 bado zinatolewa kwa anayezitaka, na bado zinakutwa ndani ya misimbo iliyowekwa hadharani.