Neno "Load" na Mizigo ya Wapagazi

Wapagazi waliopita pande zetu za Kaliua zamani, wakitoka Tabora kwenda Ujiji, walichukua kila mtu mzigo wa frasila mbili hivi. Mwingereza huuita mzigo "load". Na tendo la kumtwika mtu mzigo huo, au kuupakia garini, nalo huliita "load", pasipo kuongeza herufi hata moja.

Sisi kutoka pagaa tumepata pagaza, mpagazi na upagazi. Kila neno lina vazi lake. Hata Kiingereza kilikuwa na mavazi. Kabla Wanormani hawajaishinda Uingereza mwaka 1066, upendo uliitwa "lufu", na kupenda "lufian". Miisho hiyo ilikwisha kuanza kufifia, na katika miaka mia nne iliyofuata ikapotea, likabaki "love" kwa yote mawili. Ndipo kazi ya neno ikajulikana kwa mahali pake: likifuata "the" ni jina, likifuata "they" ni tendo. Kwa hiyo twaona si haki kumpiga mtoto aliyejibu "mzigo" pale mwalimu alipotaka "pakia", naye ameulizwa neno tupu, lisilo na wenzake.

Tena "load" lenyewe, kwa Waingereza wa kale, lilikuwa "lad", maana yake njia, safari, au uchukuzi. Baadaye sana likawa kitu kichukuliwacho. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mizigo ilishuka mabegani mwa watu ikapanda gari la moshi, neno halikubadilika.