Chombo na Vumba

Kaengesa ni mbali na bahari. Tuko juu ya uwanda wa Ufipa, katikati ya maziwa mawili, Rukwa mashariki na Tanganyika magharibi, na yote mawili yako chini mabondeni. Huyaoni mpaka uteremke. Kwa hiyo neno chombo kwetu lilianzia jikoni. Ukiambiwa "kaoshe vyombo," ulijua ni sahani, vikombe, masufuria na mwiko uliogandiwa ugali. Shuleni tulipofika kwenye methali ya manahodha wengi, chombo huenda mrama, mwalimu ilibidi asimame kidogo atueleze kwamba pwani hata jahazi ni chombo.

Si Kiswahili peke yake kilichounganisha jiko na bahari. Kwa Kijapani fune ni mashua au meli, lakini sauti hiyo hiyo hutumika pia kwa chombo cha kutia maji. Beseni kubwa la kuogea huitwa yubune. Wana na neno utsuwa, yaani bakuli au chombo cha kuwekea kitu, ambalo hutumika pia kupima watu: mwenye utsuwa kubwa ni mtu anayeweza kubeba mambo mazito bila kumwagika.

Sisi tumelipeleka neno letu mbali zaidi. Tuna vyombo vya muziki, vyombo vya usafiri, vyombo vya habari na vyombo vya dola. Ukivipanga vyote kwenye mstari mmoja, kuanzia kikombe hadi polisi, unaona kinachoviunganisha. Chombo hakijiendeshi. Kipo kwa ajili ya kitu kinachotiwa ndani yake na mkono unaokishika. Sufuria haichagui mboga, na jahazi halichagui bandari.

Kwa watu wa Ufipa mfano ulio karibu ni meli ya Liemba. Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku na kuletwa Dar es Salaam, kisha ikasafirishwa kwa reli hadi Kigoma na kuungwa upya. Iliposhushwa majini mwaka 1915 iliitwa Graf von Götzen, kwa heshima ya gavana aliyekuwa madarakani Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905. Ikafungwa mizinga. Julai 1916, adui walipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo grisi nyingi, kama watu wanaotarajia kurudi. Waliorudi kuichukua ni wengine. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari ikiwa na jina la Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone alilisikia alipofika kusini mwake mwaka 1867.

Tangu hapo meli ya vita ikawa meli ya mahindi, dagaa, wafanyabiashara na akina mama wenye watoto. Ilitia nanga Kasanga, bandari ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg. Bodi ni lile lile lililoundwa Papenburg, ila shehena, jina na nahodha vimebadilika. Ukiitazama Liemba, ni rahisi kuamini kwamba chombo husafishika: mpe mwenye nia njema, naye atakifanyia mema.

Lakini ipo methali nyingine, na hii ni ya jikoni: chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba. Anayepikia chungu cha udongo anaielewa vizuri. Chuma unakisugua kikang'aa. Udongo hunywa. Mchuzi huingia kwenye vitundu vyake vidogo, na hata ukikiosha kwa majivu, siku ukichemsha maji ya kunywa, harufu ya jana hupanda na mvuke.

Vyombo vya dola viko upande gani, wa chuma au wa udongo? Historia yetu ilijibu mapema. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961 ilirithi askari wa King's African Rifles, jeshi la mkoloni. Likapewa jina jipya, Tanganyika Rifles, kama Götzen ilivyopewa jina la Liemba. Lakini maofisa wengi walibaki kuwa Waingereza, na mishahara na amri vilifuata mpangilio ule ule wa zamani. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walitaka mishahara bora na maofisa Waafrika. Tarehe 25 Nyerere alilazimika kuzimiwa maasi hayo na makomando wa Uingereza, wale wale ambao bendera yao ilikuwa imeshushwa miaka miwili tu iliyotangulia.

Baada ya hapo hakujaribu tena kukiosha chombo kile. Alikivunja. Jeshi lile lilifutwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kwa vijana waliotoka TANU na Jeshi la Kujenga Taifa. Hata jina lilitaja mwenye chombo: wananchi.

Chombo cha chuma kinaweza kubadilisha nahodha kikaendelea na safari. Chombo cha watu hunywa alichopika aliyetangulia, iwe hofu, mazoea au namna ya kumtazama raia, na jina jipya peke yake halitoi vumba. Tulilijua hilo mwaka 1964, kwa jeshi. Sheria, magereza na vituo vingine tulivyorithi havikuvunjwa vyote. Vingi vilipakwa rangi tu. Ndiyo maana kila nikisoma gazetini kwamba vyombo vimeagizwa kufanya hili au lile, huirudia sentensi nikimtafuta aliyeagiza. Mara nyingi hayumo.