Delko na Platini za Kadutu

Nimeinamia injini hapa Kadutu, Bukavu, tangu enzi za Zaire, na mengi ya mji huu nimeyajulia kwenye delko, kile kifaa kinachogawa umeme kwa buji. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zikabidhiwe Wazaire. Maduka ya vipuri yakapata wenyewe wapya, wengine hata buji hawakuijua (sisemi kwa husuda), na rafu zikabaki tupu.

Basi Kifungu cha 15, yaani jitafutie, kikaingia gereji. Platini za Volkswagen, zile kontakti za ndani ya delko, zikiungua hatukuzitupa. Tulizisugua kwa msasa laini mpaka zing'ae, tukazungusha injini hadi zifunguke kabisa, kisha tukapima nafasi ya 0.4 mm kwa karatasi ya pakiti ya sigara iliyokunjwa. Ikipita kwa kusuasua, imekubali. Buji tulizisafisha mara nyingi kuliko wenzetu wa Uvira kule bondeni. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta isiyorekebishwa humwaga petroli ya ziada, buji zikajaa masizi.

Toyota za siku hizi nyingi hazina delko. Kila buji ina koili yake, na vijana huanza na kompyuta. Sawa. Lakini wewe mwenye Corolla ya zamani, usingoje mvua za Septemba. Fungua kofia ya delko Agosti, ipanguse ikauke, na waya uliopasuka ubadilishe.