Mlango Usio na Bawabu

Katika mwezi wa Agosti 1997 vijana wawili wa Mexico, Miguel de Icaza na Federico Mena, walianzisha GNOME, programu ya madirisha na alama ambazo mtu huziona na kuziendesha katika kioo cha kompyuta. Maandishi yake yote yaliwekwa hadharani. Yeyote aliruhusiwa kuyasoma, kuyasahihisha na kuyaongeza. Hapakuwa na karani wa kuuliza jina wala cheti. Watu wa programu huria walijisifu kwamba mlango wao haukuwa na bawabu, na sifa hiyo haikuwa ya uongo.

Walakini mwaka 2006 hesabu iliwaumbua. Kampuni ya Google ilikuwa ikiwalipa wanafunzi wafanye kazi za namna hii wakati wa likizo, na GNOME ilipokea maombi 181. Hakuna hata moja lililotoka kwa mwanamke. Waliopenda njia nyepesi walikuwa na jawabu tayari: wanawake hawaipendi kazi hii, na asiyependa halazimishwi. Jawabu hilo lingalidumu miaka mingi kama lisingalijaribiwa. Hanna Wallach na Chris Ball walilijaribu. Majira yale yale zilitangazwa nafasi za wanawake peke yao, kwa dola 3,000 kila mmoja, ujira usiozidi ule wa kwanza. Nafasi zilizokusudiwa zilikuwa tatu. Maombi yalipita 100, hata wakachaguliwa sita. Kazi ilikuwa ile ile. Kilichoongezwa ni kuitwa.

Ajabu ni kwamba baada ya ushahidi huo jambo lilinyamaza hadi 2010, Marina Zhurakhinskaya alipolifufua. Yeye alitambua kwamba anayealikwa huhitaji pia mwenyeji wa kumpokea. Kazi huria hufanywa mbele ya macho ya watu: mgeni hupeleka sahihisho lake la kwanza, na wasiomjua humjibu hadharani, pengine kwa neno moja kali, na neno hilo hubaki limeandikwa. Mwenye marafiki ndani hucheka akarudia. Asiye nao huondoka kimya, wala hakuna anayemhesabu. Kwa hiyo kila mwombaji alielekezwa kwa mlezi, akafanya sahihisho dogo pamoja naye kabla ya kuchaguliwa.

Ukarimu huo ulikuwa na gharama. Mwaka 2014 taasisi ya GNOME ililazimika kuzuia matumizi yasiyo ya lazima, kwa kuwa iliwalipa wanafunzi kabla fedha za wafadhili hazijafika. Mwaka 2015 mpango ulihamia Software Freedom Conservancy kwa jina la Outreachy, nao haukuwa tena wa wanawake peke yao.

Linux ilikuwa imejiunga tangu 2013, na huko ukali wa majibu ulijulikana sana. Septemba 2018 Linus Torvalds, mwanzilishi wake wa 1991, aliomba radhi hadharani kwa maneno yake, akakaa kando wiki chache. Na Linux ikapokea kanuni mpya za mwenendo.