Waya wa Fumba, simu yako na kisima chako



Juzi nilikutana na kijana aliyehamia Fumba, anafanya kazi ya kompyuta kwa kampuni iliyo nje ya nchi. Akaniambia, "Bwana shamba, kazi yangu haina madhara kwa mazingira. Sikati mti, sivui samaki, wala sipandi gari kwenda mjini." Sikumbishia. Lakini nilirudi nyumbani nikiifikiria kauli yake, kwa sababu kazi ya mbali nayo ina mahali inapokanyaga, na huku kwetu alama zake zinaonekana. Leo tuache habari ya mbolea kidogo nikupe historia, kisha tutarudi shambani.

Kazi ya mbali si jambo la leo Unguja. Mwaka 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ililaza waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea kusini hadi Durban. Kabla ya hapo mfanyabiashara wa karafuu alitegemea barua ya meli kujua bei ya London. Baada ya hapo karani alikaa Shangani, akapokea habari kwa mlio wa mashine. Jengo la kampuni za simu za zamani bado lipo, ni sehemu ya hoteli ya Serena.

Karani yule pia angeweza kusema hakati mti. Lakini waya wa baharini wa wakati ule ulifunikwa kwa gutapecha, utomvu mzito wa mti unaoota Malaya, Borneo na Sumatra, usiopitisha maji wala umeme. Kuupata utomvu huo, mti ulikatwa ukaangushwa, na mti mzima ulitoa kiasi kidogo tu. Kwa waya wa maelfu ya kilomita fikiria ilikuwa miti mingapi. Singapore mti huo ulikaribia kutoweka kabisa. Huku Unguja hakuna aliyeuona msitu ule ukianguka, na nadhani ndiyo maana hakuna aliyeuliza.

Sasa njoo Fumba. Mwaka 1980 waya mwingine ulipita baharini, huu wa umeme, kutoka Ras Kiromoni upande wa bara hadi Ras Fumba, ukaendelea nchi kavu hadi Mtoni. Uwezo wake ulikuwa megawati 45. Wengi tunapita karibu na pale tukienda pwani bila kugeuza shingo, lakini taa ya mjini, pampu ya maji na simu uliyoshika vyote vilitegemea ncha ile ya rasi yetu.

Tulijua thamani yake ulipokatika. Mei 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima. Kisha Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hii umeme haukurudi hadi Machi 2010, miezi mitatu. Wenye umri wangu tunakumbuka foleni za ndoo, maana pampu zilisimama. Tunakumbuka pia jenereta: mjini kila hoteli na kila ofisi yenye uwezo iliunguruma usiku na mchana, moshi vichochoroni, mafuta yamemwagika kwenye saruji. Maduka yenye jenereta yalichaji simu kwa pesa, watu wakapanga mstari. Siku zile kila mtu aliona kwa macho yake simu inakula nini.

Mwaka 2013 ukaja waya wa pili, megawati 100, kwa fedha za Marekani kupitia Millennium Challenge, nao ukatokea Fumba. Umeme unaopita humo unatoka gridi ya taifa: gesi ya Songo Songo na ya Mtwara, maji ya Kidatu, na tangu 2024 maji ya bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, bwawa lililofunika sehemu ya pori la Selous. Kwa hiyo ukichaji simu Bweleo umetumia Rufiji kidogo. Sisemi usichaji. Simu moja ni kitu kidogo sana, na pikipiki yangu inachoma zaidi kwa safari moja ya kwenda Dimani. Nasema tu kwamba moshi haukukosekana, upo mahali pengine.

Hapo ndipo kijana yule ana haki yake. Mwaka 2022 serikali ilitangaza mpango wa Silicon Zanzibar, wa kuvuta kampuni za teknolojia na watu wake, na Fumba ikatajwa kuwa makazi yake. Mtu anayefanya kazi nyumbani haongezi gari barabara ya uwanja wa ndege kila asubuhi. Hata mimi, wakulima wakinitumia picha za majani napunguza safari nyingi.

Lakini nikwambie kosa langu. Mkulima mmoja wa upande huu alinitumia picha ya tungule, majani yameungua pembeni. Nikaangalia kwenye simu, nikasema ni ukungu, nikamtajia dawa. Akapiga, haikusaidia, akapiga tena. Nilipokwenda mwenyewe nikaonja maji ya kisima chake: chumvi. Bahari ilikuwa imeingia kisimani, wala hapakuwa na ukungu. Dawa yote ile ilikwenda bure kwenye ardhi ya maweni, ambayo haizuii kitu, maana mvua ikinyesha maji yanashuka kwenye nyufa za jiwe moja kwa moja. Niliokoa lita moja ya petroli, nikamwagisha sumu karibu na maji ya watu.

Na maweni hayo hayo ndiyo yananitia hofu kuhusu betri. Hofu ya kukatika umeme haijatuacha tangu 2010, kwa hiyo nyumba nyingi zina betri kubwa za sola au za akiba, na wanaofanya kazi kwa intaneti ndio wanaozihitaji zaidi. Betri za maji zina risasi na tindikali. Zikifa, nimeona watu wanamwaga tindikali nyuma ya nyumba wauze risasi kwa wanunua vyuma. Chini yake ni kisima, na mbele yake ni Ghuba ya Menai, eneo la hifadhi tangu 1997, ambako kina mama wanapanda mwani na kufuga chaza wa lulu.

Basi nakuomba haya. Betri iliyokufa usiipasue wala usiimwage. Iweke wima, kavu, chini ya paa, mbali na watoto na kisima, umrudishie aliyekuuzia au umuuzie mnunuzi anayeichukua nzima na maji yake. Betri za simu zilizovimba usizichome na takataka za shamba. Zikusanye kwenye ndoo ya mchanga mkavu.

Na ukinitumia picha ya mmea, nitumie na mzizi uliochimbwa, nitumie na picha ya kisima chako, uniambie kiko hatua ngapi kutoka pwani na maji yake yana ladha gani. Nikisita, nitakuja.