Kujaza upya maganda ya risasi: vifaa vya anayeanza na mipaka ya sheria

Katika nchi kadhaa, zikiwemo Marekani na Afrika Kusini, wawindaji na walenga shabaha wenye leseni huokota maganda ya risasi zilizokwisha kufyatuliwa na kuyajaza upya nyumbani. Hufanya hivyo ili kupunguza gharama na kupata risasi zinazolingana barabara na bunduki zao. Kazi hiyo huonekana nyepesi, lakini kosa dogo la kipimo laweza kumjeruhi mpigaji, na katika nchi nyingine kuifanya bila kibali ni kosa la jinai.

Risasi kamili ina sehemu nne: ganda, fataki inayowasha moto, baruti, na kichwa kinachorushwa. Baada ya kufyatuliwa, ganda ndilo linaloweza kutumika tena. Sehemu nyingine tatu hutiwa mpya.

Vifaa vya kuanzia

Kifaa cha kwanza ni kitabu cha vipimo kilichotolewa na watengenezaji wa baruti au vichwa vya risasi. Kitabu hicho hutaja aina na uzito wa baruti kwa kila risasi. Baruti za aina mbalimbali hufanana kwa macho, ilhali kasi yake ya kuungua hutofautiana sana. Kwa hiyo kipimo cha moja hakifai kwa nyingine.

Cha pili ni mizani. Baruti ikizidi, bunduki yaweza kupasuka mikononi. Ikipungua mno, kichwa cha risasi chaweza kukwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikaleta maafa. Kalipa huhitajika pia kwa kupima urefu wa ganda na wa risasi iliyokamilika.

Hapo ndipo inapofuata mashine ya kushindilia pamoja na kalibu zake. Anayeanza hushauriwa kuchagua mashine ya hatua moja, inayoshughulikia ganda moja kwa kila mvuto wa mkono. Ni ya polepole, lakini humpa mtumiaji nafasi ya kuona kosa kabla ya kuendelea. Mashine zinazofanya hatua nyingi kwa pamoja huwafaa wazoefu. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima, na baruti hubaki katika chombo chake cha asili, mbali na moto na watoto.

Sheria yasemaje?

Nchini Afrika Kusini, sheria ya mwaka 2000 ya udhibiti wa silaha humruhusu mwenye leseni kujaza risasi za bunduki yake mwenyewe. Mwaka 2021 serikali ilitoa rasimu ya marekebisho iliyokusudia kuipiga marufuku shughuli hiyo, na wawindaji na walenga shabaha wakaipinga vikali.

Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, ya mwaka 2001, huhesabu maganda, fataki, baruti na vichwa kuwa risasi, pale sheria ya nchi inapovitaka viwe na kibali. Mkataba wa Kinshasa wa mwaka 2010 nao hutaja hata katika jina lake risasi na vipuri vinavyoweza kutumika kutengenezea silaha. Nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo mwaka 2004.

Katika ukanda huu, risasi hutengenezwa na viwanda vya serikali, kikiwemo cha Eldoret nchini Kenya, cha Mzinga mjini Morogoro, Tanzania, na cha Nakasongola nchini Uganda. Leseni ya kumiliki bunduki haipaswi kuchukuliwa kuwa ruhusa ya kutengeneza risasi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua mashine au kuvuka mpaka na fataki na baruti, mmiliki apaswa kuuliza mamlaka inayotoa leseni za silaha katika kila nchi anamopita. Na raia asiye na leseni anayeokota risasi nzima shambani au njiani asiifungue wala kuihifadhi. Aiache mahali ilipo, awaondoe watoto, kisha atoe taarifa kwa polisi.